Kofia Bwawani

Watu wa mtaa walimwita Misumari, kwa sababu mchana kutwa alikuwa na misumari midogo mdomoni, akiitema mmoja mmoja vidoleni na kuigongomea kwenye mbao za makochi. Ukimsalimia akiwa kazini, alikujibu kwa nyusi. Wateja walimsifu kwamba kochi lake hukaliwa miaka na miaka bila kubonyea. Aliyekuwa mkewe alikuwa na sifa yake nyingine. "Yule akiwa na misumari mdomoni ndiyo afadhali," alikuwa akisema. "Ubaya ni akiitoa."

Alikuwa mtu wa wivu. Si wivu wa kupiga wala wa kuvunja vyombo. Wake ulikuwa wivu wa maswali. Mke akichelewa sokoni: umepita njia gani? Akivaa gauni jipya: nani kalisifia? Akicheka peke yake jikoni: unamcheka nani? Kuna lugha ambazo wivu una rangi, na nyingine una meno. Kwa Misumari ulikuwa na mkoba, na mkoba ulijaa maswali ambayo jibu lolote ulilompa lilizaa swali jingine.

Tena mwalimu wa udereva, aliyekuja kumwoa mkewe baadaye, alimtafuta yeye mwenyewe. Kazi ilipochanganya alinunua pikapu kuukuu, akaona mkewe naye ajifunze kuendesha, wasaidiane kupeleka makochi kwa wateja. Akampeleka shule ya udereva, akamkabidhi kwa mkono wake. Mwalimu alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza hata gia. Wiki ya kwanza haijaisha, mkoba ukafunguliwa. Mnafundishana nini mpaka jua linazama? Kwani usukani mmoja unashikwa na watu wawili? Wakati huo hapakuwa na lolote kati ya wale wawili isipokuwa breki na kioo cha pembeni; mtaa mzima ulijua. Lakini aliuliza, akauliza, hadi mke akachoka, akafungasha, akarudi kwao na watoto wawili. Talaka ilipokwisha kupoa ndipo mwalimu akapeleka posa.

"Wewe hukunyang'anywa mke," fundi baiskeli wa kibanda cha jirani alimwambia bila kuinua macho kwenye tairi lake. "Wewe ulimposea mwenzako, tena kwa mdomo wako."

Misumari alitia misumari mdomoni, akaendelea na kazi.

Watoto walikuwa wawili. Mkubwa, binti wa miaka tisa, aliitwa Bibi, kwa kuwa alirithi jina la mama yake Misumari, na pia kwa sababu aliongea kama mtu mwenye wajukuu. Mdogo alikuwa wa kiume, wa miaka minne, mviringo kila upande, basi wakamwita Tonge. Kwa makubaliano ya muda walikaa kwa mama yao, na mwisho wa juma wakaja kwa baba. Baada ya likizo wazee wa pande zote mbili wangekaa na kuamua moja kwa moja watoto wakae wapi.

Misumari aliwataka. Aliwataka walale kwake, waamke kwake, na wakigombania kijiko wagombanie kwake. Usiku alihesabu sababu za kuwapa wazee, na kila alipofika mwisho aligundua kwamba sababu yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ndefu, mpole, na inafundisha udereva. Wivu si hoja. Hata yeye alilijua hilo.

Ndipo simu ikalia, mchana mmoja wa likizo, akiwa anamalizia kochi jekundu la mahameli la wakili mmoja, tayari liko juu ya pikapu.

"Baba, uko wapi?"

"Kazini, Bibi. Likizo inasemaje huko ziwani?"

"Inasema nzuri. Tuko chumba cha chini, bwawa la kuogelea liko mlangoni. Tonge jana kanywa maji yake, katapika, sasa hivi mzima."

"Mpe mama simu."

"Mama hayupo. Wameenda na Mwalimu kwenye boti ya kuzunguka kisiwa. Watoto hawaruhusiwi."

"Sasa nani yuko na nyinyi?"

"Mimi," alisema Bibi, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa swali rahisi.

Misumari alitema misumari yote kiganjani. Hofu ilimjia, ndiyo, lakini ilikuja ya pili. Iliyotangulia ilikuwa furaha. Ilimpanda kifuani kama maji ya moto, akaona haya, kisha haya zikapoa na furaha ikabaki.

"Msitoke," alisema. "Nakuja."

Fundi baiskeli alimkuta anafunga kamba ya kochi juu ya pikapu, maana hapakuwa na muda wa kulishusha. Akaelezwa habari kwa maneno matatu.

"Si upige simu pale hotelini, mtu akawaangalie?"

"Nikipiga watamwambia. Atarudi mbio, ajifanye alikuwa karibu."

"Kwa hiyo unataka watoto wakae peke yao mpaka ufike?"

"Sikusema hivyo."

"Hujasema," fundi baiskeli alikubali. "Umewasha gari tu."

Ni mwendo wa saa moja na ushee kufika ziwani, na njia nzima alikuwa akihutubia wazee. Jamani, mimi sisemi kitu. Nauliza tu: mtoto wa miaka minne, na bwawa nje ya mlango, na mama yuko kwenye boti na mwanamume. Alilifanyia neno "boti" mazoezi. Alilisema kwa uchungu, alilisema kwa upole, mwisho akaamua kulisema taratibu na kisha kunyamaza. Kila kona alimwona yule mwanamke amekaa mbele ya boti, upepo unampeperusha mtandio, na pembeni yake ile miguu mirefu imenyooshwa. Katika miaka yote ya ndoa yao, yeye hakuwahi kumpandisha boti. Hakuwahi kumpeleka popote ambapo hapakuwa na kochi la kushusha.

Mlinzi wa geti alitazama mzigo uliokuwa nyuma.

"Kochi la nani hilo?"

"Chumba cha chini, kile karibu na bwawa."

"Haya, pita," alisema mlinzi, na akarudi kwenye redio yake. Misumari aliliweka na hilo akibani: hata geti halina mtu.

Vyumba vilipangwa kuzunguka bwawa, kila kimoja na kibaraza chake. Kwenye kibaraza cha kimojawapo kulikuwa na kamba, na kwenye kamba zimeanikwa nguo nne za kuogelea, kubwa kabisa mwanzo, ndogo kabisa mwisho, kila moja na kibanio chake. Alisimama akazitazama zaidi ya inavyostahili mtu kutazama nguo za kuogelea. Kisha akagonga mlango: mbili za haraka, akatulia, moja.

Ugongaji huo ulikuwa wake. Zamani, walipokaa chumba cha nyuma ya karakana, mama alikuwa akishinda sokoni na yeye anatoka mara kwa mara kupeleka makochi. Aliwafundisha watoto, Tonge akiwa bado wa kubebwa: msimfungulie mtu yeyote isipokuwa aliyegonga kama nyundo ya baba. Mbili, kimya, moja. Mlio ule ulikuwa ndio yaya wao. Aliuamini kuliko kufuli.

Mlango ulifunguka hapohapo, na Tonge akaruka nje.

"Mwalimu!" Halafu akainua uso. "Ah. Ni Baba."

Kuna "ah" za aina nyingi duniani, na nyingi kati ya hizo mtu anaweza kuishi nazo. Hii ilimwingia chini ya ukucha.

"Nani kamfundisha Mwalimu kugonga hivyo?" alimuuliza Bibi.

"Sisi," alisema Bibi. "Sasa angeingiaje?"

Ndani kulikuwa safi. Hilo nalo lilimkera. Palikuwa na mkate na maziwa juu ya meza, katuni kwenye televisheni, simu ya Bibi kwenye chaji. Juu ya sinki, mashine ya kunyolea ya mwanamume mwingine imelala kando ya kitana anachokifahamu meno yake yote. Hapakuwa na mtoto anayelia, wala aliyeumia, wala mwenye njaa. Alijikuta anatafuta, kama anayetafuta kasoro kwenye mshono wa fundi mwenzake.

"Wameondoka saa ngapi?"

"Baada ya kula. Mama alisema saa moja tu. Labda boti imeharibika. Baba, mbona umekuja na kochi?"

"Vaeni viatu. Tunakwenda kula aiskrimu ng'ambo ya barabara."

Bibi hakusogea. "Mama kasema tusitoke. Na wewe umesema tusitoke."

"Mimi si mtu baki. Mimi ni baba yako."

"Basi nibebe simu, akirudi nimwambie."

"Iache ipate chaji."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Na mlango akauacha wazi kabisa, ili atakayefika auone tangu mbali.

Walipokuwa wakipita kando ya bwawa, upepo ulimvua Tonge kofia yake ya njano, ukaitupa majini. Ikaelea, ikageuka, ikaenda zake upande wa kina. Tonge alianza kununa. "Tutaichukua tukirudi," alisema baba yake. Mti mrefu wa kuopolea majani ulikuwa umeegeshwa hapo ukutani. Mtu angenyoosha tu mkono. Hakuiacha ile kofia kwa makusudi. Lakini hakunyoosha mkono.

Mwuza aiskrimu alikuwa na viti vya plastiki chini ya turubai, na ukikaa pale ulilitazama geti, na kupitia uzio wa vyuma ukaliona bwawa. Misumari alichagua kiti. Hawakukaa sana. Aiskrimu ya Tonge ilikuwa bado na umbo lake wakati wale wawili walipotokea kwenye njia itokayo gati la boti, wanakuja haraka, yeye mwanamke ameshika viatu mkononi. Hakuwa anacheka. Hakukuwa na mtandio unaopepea. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyejilaumu tangu katikati ya ziwa.

Akapita geti. Akauona mlango.

Misumari aliona mabega yake yakipanda. Akamwona anaingia ndani na kutoka, anaita jina la Bibi, lile jina kamili ambalo halitumiki isipokuwa kwa homa na kwa hasira. Mwalimu alikimbilia upande wa vyoo, akarudi. Kisha mwanamke akageuka, akaiona kofia.

Sauti iliyomtoka haikuwa ya neno lolote. Mwalimu hakuuliza. Aliruka na viatu vyake, na shati lake, na saa yake, upande wa kina, na papo hapo ikaonekana kwamba hajui kuogelea. Alizama, akaibuka anapiga maji kwa mikono yote miwili, akazama tena, safari hii kwa kutaka, kwenda kupapasa chini.

"Baba," alisema Bibi. "Mama analia."

"Subiri kidogo."

Alimshika mkono, si kwa nguvu. Na alipokuwa amemshika, macho hayakuwa kwa mwanamke hata kidogo. Yalikuwa kwa yule mwanamume. Alimtazama akiibuka, akihema, akizama tena kumtafuta mtoto ambaye si wake, na wivu ukamkaba kuliko siku zote za ndoa, kuliko siku ya posa. Mke, sawa. Lakini hata kuwafia wanangu utanitangulia?

Bibi aliuchomoa mkono. Akakimbia moja kwa moja barabarani, macho yake kwa mama, bila kutazama kulia wala kushoto. Pikipiki iliyokuwa inateremka ikalala ubavu kumkwepa, ikaserereka, mwendeshaji akainuka na matusi yake yote. Bibi alikuwa ameshapita. "Mama! Tuko huku! Mama!"

Misumari alimbeba Tonge, akavuka.

Mlinzi na wageni wengine walikuwa wameshamvuta Mwalimu kwa ule mti wa kuopolea majani. Alikaa ukingoni, anakohoa maji, kofia ya njano ameing'ang'ania kifuani. Mama alikuwa amepiga magoti, amemkumbatia Bibi hadi Bibi akalalamika mbavu. Alipomwona Misumari alimlegeza Bibi.

"Wewe? Umetoka wapi?"

Sasa ndiyo ilikuwa saa ya hotuba. Alikuwa nayo yote. "Wewe ndiye wa kuulizwa umetoka wapi," alisema. "Unamwacha mtoto wa miaka minne na bwawa mlangoni, unakwenda kupanda boti!" Neno lilitoka kama alivyolifanyia mazoezi. Watu wakageuka. Mlinzi akatikisa kichwa kumtazama mwanamke.

"Nimekosa," alisema mama. "Injini ilizima huko kati. Nimekaa mle ndani nakufa. Nilisema saa moja tu, na mlango hawafungui isipokuwa kwa ule ugongaji wako. Nilijiambia, si tulikuwa tukifanya hivyo siku zote? Nimekosa, baba Bibi. Niambie lolote."

Alikuwa ameshinda. Hakuna mzee ambaye angesikia hayo na bado ampe mwanamke watoto. Misumari alivuta pumzi aendelee.

"Lakini Baba," alisema Bibi, na hakuwa anashtaki. Alitaka kuelewa, kama anavyotaka kuelewa hesabu. "Tulikuwa tunamwona mama analia. Mbona ulinishika ukasema tusubiri?"

Mama aliinua uso taratibu.

"Mlikuwa mnaniona?"

Yule mtu wa maswali, aliyeulizwa swali moja tu, aligeuka kumtazama mwendeshaji pikipiki kule barabarani anayefuta damu kwenye goti, akaona kilichokuwa karibu kutokea, na jibu la uongo alilokuwa ameshalishika likamtoka mkononi.

"Nilitaka uogope," alisema.

Mwanamke hakumpiga. Angempiga ingekuwa nafuu. Alimchukua Tonge mikononi mwake, akaingia ndani na watoto, akafunga ule mlango.

Wazee walikaa wiki mbili baadaye, sebuleni kwa mjomba wake mwanamke, mzee mmoja mwenye masikio mazito na subira nyepesi. Mwanamke alianza. Alieleza habari ya boti yote, hakujipunguzia. Alipofika kwenye kofia alinyamaza, akainamisha macho. Hakumtaja mtu aliyekuwa ng'ambo ya barabara.

"Basi?" aliuliza mjomba. "Ndiyo yote?"

Misumari alielewa kwamba ndiyo yote, akitaka iwe yote. Alikuwa na watoto kiganjani. Alimtazama Mwalimu, aliyekaa karibu na mlango kama mgeni, magoti juu, maana kiti kilikuwa kifupi kwake. Na moyo wake ulisema, chukua. Kisha akamkumbuka Bibi, ambaye hakuitwa kwenye kikao, na ambaye mwisho wa juma uliopita alikataa aiskrimu. "Sitaki tu," alisema, na hakusema zaidi.

"Haijaisha, mjomba," alisema Misumari. "Bado yangu."

Akaieleza. Ilibidi airudie kwa sauti ya juu, kwa sababu ya masikio ya mzee, na hiyo mara ya pili ndiyo iliyomchubua.

Mjomba alimnyooshea kidole mwanamke, kisha Misumari, akasema, "Huyu aliwaacha akaenda kustarehe. Huyu aliwakuta akawafanya fimbo. Sijui nimpe nani hata paka." Walizungumza mpaka chai ikapoa. Mwisho wakaamua watoto wabaki kwa mama, mwisho wa juma na nusu ya kila likizo wawe kwa baba, na ule ugongaji wa mlango ufe: mtoto akae na mtu mzima mwenye mwili, asikae na mlio.

Ijumaa ilipofika alikwenda kuwachukua na pikapu. Watoto walipanda mbele, Bibi dirishani, Tonge katikati. Misumari alitaka kuwasha gari.

"Mkanda," alisema Tonge.

"Huo haujawahi kutumika. Twende."

"Mwalimu anasema gari haliondoki bila mkanda."

Mwalimu alikuwa amesimama getini, amebeba begi la nguo. Alisogea, akainama kuuchomoa mkanda uliokuwa umezikwa chini ya kiti na vumbi la sponji. Tonge aliinua mikono amfunge, kama aliyezoea. Misumari aliteremka, akazunguka gari.

"Toka. Nitamfunga mwenyewe."

Mwalimu akampisha. Misumari aliuvuta mkanda, ukagoma. Akauvuta tena kwa nguvu zaidi, ukagoma zaidi. Bibi aligeukia dirisha asicheke.

"Uvute polepole, shemeji," alisema Mwalimu kwa ile sauti yake ya kubembeleza gia. "Ukiuvuta kwa hasira, unajifunga."

Hakuna kitu alichotamani duniani kama kumwambia anyamaze. Lakini mtoto alikuwa bado ameinua mikono anasubiri. Misumari alilegeza, akauvuta polepole, huku anamchukia, inchi kwa inchi, mpaka ukafika na kulia klik.